Usimkalishe mama kwenye sofa, nakuomba

Ndugu, nimesoma uzi wako nikiwa kwenye matatu natoka Luanda, nusura nipitilize steji. Eti unataka kumtoa mama wa miaka 72 huko Kakamega umlete Nakuru "apumzike kabisa", asiguse jembe wala ndoo, halafu unauliza dawa ya viungo na godoro. Acha kwanza. Acha!

Mimi nilimfanyia baba hivyo hivyo. Mzee alikuwa na miaka 74, anapanda vilima vya Maragoli na ndoo ya maji huku akilalamikia magoti. Nikajiona mtoto mwema, nikamleta kwangu Migosi, Kisumu. Nikanunua sofa, lile la kuzama mpaka kiunoni. Chai inamfuata, maji ya kunawa yanamfuata, rimoti anawekewa mkononi. Akijaribu kuinuka, wajukuu wanapiga kelele. Kanisani nikawa mfano wa kuigwa, na mimi nikatabasamu kama mjinga.

Miezi 5 baadaye tunamvuta watu wawili kama gunia la mahindi. Mapaja yamekwisha, suruali inapepea. Tukaenda matanga nyumbani, akashindwa kupanda matatu mbele ya watu wa rika lake. Kisha usiku akaenda choo cha shimo, akachuchumaa, kusimama kukamshinda. Akaniita. Baba yangu hajawahi kuniita kwa sauti ile, na hapo sitaongeza neno.

Na nilidanganywa! Jamaa wa koti jeupe, muuza chupa za dawa za viungo, aliniambia misuli ya mzee ni kama tairi kuukuu, ukiitumia inaisha. Nikanunua chupa 3. Tairi gani, we mwizi? Umeona wapi tairi ikiota nyama? Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wakazi wa nyumba ya wazee, miaka 86 hadi 96, walioinua uzito kwa miguu wiki 8. Wale 9 waliomaliza, nguvu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mzee wangu mbele yao ni kijana wa kutahiriwa! Na kuna wazee wazima wa afya waliolazwa kitandani kwa utafiti, siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Mimi nilimkalisha miezi 5. Hiyo hesabu piga wewe.

Aliyetuokoa ni fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimpima presha, akayabonyeza magoti, akaomba kuona picha ya sofa langu, akaguna. Dawa yake ikawa kiti cha mbao cha mezani: mikono kifuani, inuka, keti polepole, siku 3 kwa wiki. Siku ya kwanza mzee aliinuka mara 2, ya 3 akarudi chini kama mzigo. Baada ya wiki kadhaa akafika 10, tukashangilia, tukaganda hapo hapo kwenye 10 mwezi mzima bila maendeleo yoyote. Fizio akatucheka: 10 za raha ni kama kumpungia mtu mkono, zile za mwisho lazima azitafute. Likaletwa begi la shule la mjukuu, pakiti ya unga ya kilo 2 ndani, baadaye pakiti 2. Na omena na mayai kwa wingi, maana misuli haijengwi na chai ya rangi. Matembezi ya jioni tulikuwa tunafanya tangu zamani, yalisaidia pumzi, lakini hayakumwinua kitini.

Sofa nililiuza kwa hasara. Aliyelinunua anaishi na mama mkwe, nimemwonya.

Wewe ulikuwa umeuliza nini tena, godoro? Leo jioni piga simu nyumbani, mama akae kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, mtu asimame kando yake, ainuke bila kushika popote. Wahesabu. Halafu rudi hapa uniambie ni mara ngapi kabla hujalipa nauli ya mtu.