Ndiyo, nilihamahama

Mwenge, Dar es Salaam

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mwenye duka la picha anakutaka uchague, ama mandhari ama sura za watu, eti mchoraji anayehamahama hana mnunuzi. Nawe ukaniuliza: "Baba, mbona wewe kwenye vinyago vyako hukushika mtindo mmoja?"

Chanzo ni gogo. Mpingo hauna desturi ya kunyooka. Ukibahatika kupata gogo nene lisilo na ufa, hilo la kinyago cha ujamaa: wazee chini, wajukuu juu, wamebebana mpaka kileleni. Ila mengi yamepinda, mengine yana uwazi ndani. Gogo la hivyo ukilibebesha ukoo mzima, unaliharibu. Mimi nikikuta tundu nachonga mawingu, ule mtindo wa maumbo yasiyo mtu wala mnyama. Nalipanua taratibu kwa patasi mpaka lile tundu ndilo kinyago chenyewe. Likiwa na fundo na vipembe, basi huyo ni shetani, kaja na jicho lake moja. Hata Samaki Likankoa, yule mchongaji wa Kimakonde, wazee husimulia, alikuwa akichonga binadamu wa kawaida, mkono ukavunjika. Hakukitupa kinyago. Mtindo wa mashetani ukaanzia hapo.

Hasara ipo, sikufichi. Wenzangu waliokaa na ujamaa tu, wateja waliwatafuta kwa majina. Mimi mtu alinunua shetani, akirudi mwaka wa pili anapita mbele ya ujamaa yangu bila kujua vimetoka tezo moja. Karo yako ya kidato cha tatu ililipwa na twiga na vifaru, vinyago nisivyovipenda hata kidogo. (Muulize mama yako, msasa alipiga yeye.)

Lakini kuna jambo sikuwahi kukuambia. Niliporudi kwenye ujamaa baada ya miaka miwili ya mawingu, watu wangu walikuwa wameachiana nafasi, mwanga unapita katikati yao. Awali niliwabana kama abiria wa daladala. Sikupanga. Mkono ulikuja nalo kutoka kule.

Huyo mwenye duka mpelekee mandhari, kodi ya nyumba haingoji. Asikuchagulie unachochora usiku, hayo si ya duka lake. Na ile sura ya bibi yako uliyoianza Pasaka, ukija njoo nayo hata kama haijaisha. Nataka kuona macho umeyafanyaje.

Baba yako