Jibu: Usiunde kicheza video ndani ya kila kadi ya orodha

Ndugu yangu, usiandike msimbo huo. Umeeleza kwamba programu yako ya Android ina orodha ndefu ya kadi, kila kadi ina video yake, na kwamba unakusudia kuunda ExoPlayer mpya, yaani kicheza video cha Android, ndani ya onBindViewHolder, ile sehemu ya msimbo inayoitwa kila kadi inapojazwa, ili, kwa maneno yako, kila kadi ijitegemee. Kisha ukauliza kuhusu kufungua video katika skrini nzima na kuhusu udhibiti wa sauti. Maneno hayo ya kila kadi kujitegemea niliwahi kuyaandika mimi kwenye mpango wa mradi wangu, karibu herufi kwa herufi, na mradi huo niliupoteza.

Kanuni ninayoishika tangu siku ile ni hii: kicheza video kiwe kimoja, kimilikiwe na skrini na si na kadi, na yule aliyekiunda ndiye akiachilie.

Sababu yake haionekani ukitazama msimbo peke yake. Picha au maandishi yakizidi hula kumbukumbu tu, na mfumo una namna ya kuirudisha. Kicheza video kimeshika kitu kingine nyuma yake, nacho ni kisimbuzi cha maunzi, yaani ile sehemu ya chipu ya simu inayoyafumbua mafaili yaliyobanwa na kuyageuza kuwa picha zinazotembea. Visimbuzi hivyo vina idadi, na idadi hiyo hutofautiana kati ya simu na simu. Tangu Android 6.0 unaweza hata kuiuliza simu kwa getMaxSupportedInstances, lakini jibu lake ni makadirio ya juu tu. Ukweli unaweza kuwa pungufu, kwa sababu programu nyingine zilizo wazi nazo zinavitaka visimbuzi vilevile. Kadi yako ya kwanza huchukua kimoja, ya pili huchukua kingine, na ikifika zamu ya kadi isiyo na bahati, simu haina cha kuipa.

Mimi nilikuwa nikitengeneza programu ya mafunzo ya ushonaji, yenye video fupi fupi za jinsi ya kukata kola, kutia zipu na kupinda pindo. Kwenye simu yangu, ambayo ilikuwa mpya, kila kitu kilikwenda vizuri. Tuliitoa programu siku ya Ijumaa, na kufikia Jumapili malalamiko yalikuwa yameanza kuingia, na yote yalikuwa na sura moja: sauti inasikika, picha ni nyeusi. Mteja alinikabidhi simu ya mmoja wa wafanyakazi wake, simu ya miaka kadhaa, nikaketi nayo. Nikasogeza orodha taratibu. Kadi ya kwanza hadi ya nane zilicheza. Kadi ya tisa ikabaki nyeusi kabisa, huku fundi akiendelea kueleza namna ya kushika kitambaa ambacho hakuna mtu aliyeweza kukiona. Nikatoka kwenye orodha, nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, na sauti ya fundi ikanifuata huko. Nilipotulia vizuri nikagundua kwamba zilikuwa sauti mbili, za masomo mawili tofauti, moja juu ya nyingine.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu kuliko yote, maana nilianza kutibu ugonjwa usiokuwapo. Niliulaumu mtandao kwanza. Nilipoona hata kwenye mtandao wa kasi hali ni ileile, nikayalaumu mafaili, nikatumia siku nne nzima kuzibana upya video zote ziwe ndogo. Baada ya kazi yote hiyo kadi nyeusi ikahama kutoka ya tisa hadi ya kumi na moja, nami nikafurahi, nikamwandikia mteja kwamba tunakaribia. Hatukuwa tunakaribia popote. Wakati wote huo kwenye logi ya simu kulikuwa na kosa lililojitaja kwa jina lake, ERROR_CODE_DECODER_INIT_FAILED, likisema wazi kwamba kisimbuzi kimeshindikana kuanzishwa, na mimi nililipita kwa sababu nilikuwa nimeshaamini kwamba msimbo wangu ulikuwa sahihi.

Kwa nini niliamini hivyo? Kwa sababu nilifundishwa hivyo, na katika hili sitaficha hasira yangu. Nililipia kozi ya mtandaoni ambayo mwalimu wake alijenga orodha ya video mbele ya macho yetu kwa mtindo huohuo unaotaka kuutumia, kicheza kimoja kwa kila kadi, na alipofika kwenye suala la kuita release, amri ya kukiachilia kicheza, akasema kwamba tusijisumbue nalo kwa sasa, mfumo utasafisha wenyewe. Orodha yake ilikuwa na video nne. Nne tu, zote zikienea kwenye skrini moja, na alizijaribu kwenye simu ya kuigiza iliyokuwa ikitumia nguvu za kompyuta yake. Mtu anayewafundisha maelfu ya watu ana wajibu wa kujaribu kazi yake angalau kwenye simu moja dhaifu na orodha moja ndefu. Niliandika chini ya somo lile nikimwomba arekebishe, nikaeleza kosa na tiba yake, na somo limebaki vilevile hadi leo. Nikiusoma msimbo uliouweka hapa, naona hata majina ya vigeu yanafanana na yale ya somo hilo.

Mfumo hausafishi wenyewe. Kila ExoPlayer huendesha kazi zake kwenye njia yake ya chinichini, na njia hiyo haifi kwa sababu kadi imetoweka machoni. Itaendelea kushika kisimbuzi na sauti mpaka uite release. Tena itaendelea kupakua. Ukishaita prepare, amri ya kukiandaa kicheza, hata kama hujaruhusu video ianze kucheza, kicheza huanza kujaza bafa, yaani akiba ya video iliyopakuliwa mapema, na kwa mipangilio yake ya kawaida ya video za mtandaoni hukusanya hadi takriban sekunde 50 za mbele. Piga hesabu mwenyewe: video ya megabiti 1 kwa sekunde ni zaidi kidogo ya megabaiti 6 kwa kadi moja, na mtumiaji aliyepitisha kidole juu ya kadi kumi na mbili bila kutazama hata moja amekwisha kupoteza megabaiti 75 hivi za kifurushi chake. Watu walilalamika kuhusu hilo pia, na walikuwa na haki kabisa.

Wapo watakaokuambia kwamba dawa ni kuita release ndani ya onViewRecycled, inayoitwa kadi inaporudishwa ili itumike tena, na mambo yakaisha. Nilijaribu. Ni nusu ya dawa, na nusu ya dawa ilinipotezea wiki nyingine. RecyclerView, yaani ile orodha yenyewe ya Android, haiitupi kadi mara tu inapotoka kwenye skrini. Kwa kawaida huziweka kadi mbili za karibuni pembeni zikiwa kamili kama zilivyo, ili mtu akirudi nyuma azikute, na kadi hizo mbili haziitiwi onViewRecycled mpaka zisukumwe na nyingine. Vilevile huziandaa mapema kadi zinazokaribia kuingia. Kwa hiyo mbali na zinazoonekana, una vicheza vingine vitatu au vinne visivyoonekana, vyote vikiwa hai. Kubwa zaidi, mtumiaji akifunga skrini yenyewe, kadi zilizokuwa zikionekana wakati ule haziitiwi onViewRecycled hata kidogo, isipokuwa umeiondoa adapta, ile sehemu inayoipa orodha kadi zake, kwa mkono. Zile sauti mbili zilizonifuata kwenye ukurasa wa mipangilio zilikuwa na ndugu zao humo.

Sasa fanya hivi. Tumia Media3, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2023 na ndimo ExoPlayer inamoendelezwa siku hizi. Ile maktaba ya zamani iliyojitegemea imekwisha kuachwa. Unda kicheza kimoja kwenye Activity au Fragment, yaani skrini au sehemu ya skrini, inayoimiliki orodha. Kadi ziwe na picha tuli ya video na PlayerView, yaani fremu ya kuonyeshea video, isiyo na kicheza ndani yake. Orodha ikitulia, yaani ikifika SCROLL_STATE_IDLE, tafuta kadi inayoonekana zaidi kuliko nyingine, kumbuka mahali video ya awali ilipofikia kwa kutumia kitambulisho cha video na si namba ya mstari, kisha ukihamishe kicheza kutoka PlayerView ya zamani kwenda mpya kwa switchTargetView. Baada ya hapo weka video mpya kwa setMediaItem, itangulize kwa seekTo kama iliwahi kutazamwa, ita prepare, na uruhusu icheze. Ile picha tuli usiiondoe mapema. Isubiri onRenderedFirstFrame, ambayo huitwa pale picha ya kwanza ya video inapokuwa imechorwa kweli kwenye skrini. Ukiiondoa kabla ya hapo utaona mmweko mweusi katika kila kadi, na watumiaji watakuambia tena kwamba video ni nyeusi.

Kuachilia nako kuna mahali pake. Kuanzia Android 7.0, skrini mbili zinaweza kugawana uso mmoja wa simu, na programu yako inaweza kuwa imesimamishwa kwa onPause ilhali mtu bado anaitazama video yako upande wa pili. Kwa hiyo achilia kwenye onStop, inayoitwa skrini isipoonekana tena, na uunde upya kwenye onStart, inayoitwa inapoanza kuonekana. Kama bado unazihudumia simu za kabla ya toleo hilo, huko achilia kwenye onPause, kwa sababu onStop haikuwa na uhakika wa kuitwa kwa wakati. Kabla ya kuita release hifadhi mahali video ilipofikia, na baada yake kifanye kigeu kuwa null, ili msimbo mwingine usije ukakigusa kicheza kilichokufa. Ulipouliza kuhusu udhibiti wa sauti, ongeza pia setAudioAttributes na uipe true kwenye nafasi ya pili, na kicheza kitajua chenyewe kunyamaza simu inapoita.

Kuhusu skrini nzima, kanuni ni ileile: usiunde kicheza cha pili. Weka PlayerView kubwa inayofunika skrini, uhamishie humo kicheza kilekile, na mtumiaji akirudi ukirudishe kwenye kadi; video haitakatika wala kuanza kupakua upya. Jihadhari na kugeuza simu, kwa kuwa Activity huvunjwa na kuundwa upya simu inapolazwa, labda uwe umetangaza kwamba utalishughulikia badiliko hilo mwenyewe. Nilimwona mtu aliyekuwa na kicheza kimoja safi kabisa, lakini kila akiilaza simu kinazaliwa kingine na cha zamani kinabaki kikiimba, kwa sababu alikiunda kwenye onCreate na hakuwahi kukiachilia popote.

Umegusia kwamba baadaye utaitengeneza ya iPhone. Huko utatumia AVPlayer, kicheza video cha Apple, na tabia ni ya ukoo mmoja: AVPlayerItem moja, yaani video moja iliyowekwa tayari kuchezwa, haiwezi kushikwa na AVPlayer mbili, na ukiweka addPeriodicTimeObserver kwa ajili ya mstari wa muda, lazima umwondoe mtazamaji huyo kwa mkono kabla ya kukiacha kicheza. Ukichagua Flutter, zana ya kuandika programu ya Android na ya iPhone kwa msimbo mmoja, kicheza chake VideoPlayerController kina dispose, amri yake ya kuachilia, na kuisahau kutakufikisha palepale nilipofika mimi.

Mteja wangu hakusubiri. Nilipompelekea toleo lililokuwa sahihi alikuwa amekwisha kumpa kazi mtu mwingine, na sikuwa na neno la kumwambia, maana mimi ndiye niliyemwandikia kwamba tunakaribia.

Kabla hujalituma toleo lako, azima simu dhaifu kuliko zote utakazozipata. Pitisha kadi ishirini na zaidi kwenda na kurudi, fungua video katika skrini nzima, ilaze simu, isimamishe, toka kwenda skrini ya mwanzo ya simu, rudi, kisha ufungue na kuifunga orodha mara kumi mfululizo. Weka mstari mmoja wa logi kila kicheza kinapoundwa na mwingine kila kinapoachiliwa. Hesabu hizo mbili zikipishana kwa zaidi ya moja wakati wowote, simama hapo, ubandike hapa onStart na onStop zako kama zilivyo, nami nitazisoma usiku huuhuu.