Kuanza ARV siku ile ile: mimi nilisubiri, mdogo wako asisubiri

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Mdogo wako amepima kituo cha afya hapa Kampala, amekutwa na virusi vya UKIMWI, na siku hiyo hiyo katoka na kopo la ARV, dawa za kufubaza virusi. Anajisikia mzima, anabeba mizigo soko la Owino kama kawaida, na wewe unaona wamemharakisha, bora aache mpaka augue kwanza. Nakuomba sana, asiache.

Mimi nilipima mwaka 2011. CD4 zangu, yaani chembe za kinga kwenye damu, zilikuwa 412, na utaratibu wa wakati ule ulitaka zishuke chini ya 350 ndipo uanzishiwe. Nikapewa Septrini, dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi, na tarehe ya kurudi. Nilirudi mara mbili. Mara ya tatu nikajiuliza, nipange foleni tangu alfajiri ili niambiwe bado? Siku niliyorudi kweli nilipakiwa kwenye boda, shemeji yangu amenishika kwa nyuma nisianguke, CD4 zimebaki 96 na TB juu. Kibanda changu cha chapati kilikufa mwaka huo. Hakuna aliyenikosea kwa makusudi, ndivyo mwongozo ulivyokuwa, lakini kusubiri kuliniponza.

Kilichobadilisha mambo ni ushahidi. Mwaka 2015 utafiti wa START, wenye watu 4,685 katika nchi 35, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba waliomeza dawa CD4 zikiwa bado juu ya 500 walipunguza hatari ya kuugua vibaya au kufa kwa zaidi ya nusu, ukiwalinganisha na waliosubirishwa. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likasema kila anayekutwa na virusi aanze dawa, na Uganda ikaanza kufuata mwishoni mwa 2016. Kwa hiyo mdogo wako amepewa kile ambacho mimi nilinyimwa.

Wanaocheleweshwa siku hizi wana sababu. Ukifika na kichwa kinachouma vibaya na shingo imekakamaa, wanatafuta kwanza homa ya uti wa mgongo. Ukikohoa, wanapima TB.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kila wiki, kwa sababu najitolea kwenye kliniki moja ya mjini kusaidia wagonjwa wapya. Mshauri anaongea Kiluganda, anachanganya na Kiingereza. Mbele yake amekaa mama aliyetoka Bukavu, Kongo, anaitikia kwa kichwa kila sentensi. Akatoka. Nikakuta kopo lake kwenye benchi, halijafunguliwa. Nikamkimbilia hadi getini, nikamwuliza kwa Kiswahili, mama, wamekwambia nini? Akasema, wamesema nina malaria kali. Tulikaa chini ya mwembe karibu saa nzima. Alilia, kisha akauliza kama ataweza kuendelea kunyonyesha. Mpaka leo anameza, na mtoto hana virusi.

Ndiyo maana siku ile ile hainisumbui. Kinachonisumbua ni mtu kutoka bila kuelewa alichobeba. Mwulize mdogo wako alielezwa kwa lugha gani, na akueleze mwenyewe kidonge kile kinafanya nini. Akishindwa, rudini wote wawili, ombeni mtu wa Kiswahili. Mkiwa huko ulizeni pia kama alirudiwa kipimo kwa damu mpya kabla ya kuanzishiwa. Inatakiwa iwe hivyo, na inamwondolea mtu ule mashaka ya usiku kwamba huenda walikosea.

Na lile kopo. Vijana wengi wanaacha dawa kwa sababu linapiga kelele mfukoni, kila mtu kwenye boda anasikia. Wengine wanamwaga vidonge kwenye karatasi, vinapata unyevu. Mwambie aulize kliniki namna ya kutuliza kelele bila vidonge kupata unyevu. Ni kidonge kimoja kwa siku, achague saa ambayo hata akiwa kazini hatasahau. Akigunduliwa TB aseme anameza ARV, maana dozi ya ARV inaweza kubadilika.

Kama ana mke, naye apime, hata kwa kile kipimo cha mate cha kujipima nyumbani, ila kikionyesha mistari miwili lazima aje kliniki kuthibitisha.

Baada ya miezi sita watampima wingi wa virusi. Weka tarehe hiyo kwenye simu yako pia, umsindikize.