Ni Arachne huyo, sio Penelope

Umeuliza kama mwanamke mwenye buibui kwenye lile pambo la ukutani la sufu ni Penelope, na kama sufu ni nzuri kwa mazingira. Huyo ni Arachne wa hadithi za kale za Wagiriki, wa Lydia, upande wa Uturuki ya leo, baba yake alikuwa mtia rangi sufu, Arachne akashindana kufuma na mungu wa kike Athena na kazi ikatoka safi mpaka Athena akaichana kwa hasira, mwisho akamgeuza buibui. Penelope ni yule aliyefuma sanda ya baba mkwe wake mchana, usiku anafumua, miaka 3 hivyohivyo ili asiolewe na mwingine wakati mumewe Odysseus hajarudi. Huyo ananigusa sana aisee.

Kuhusu mazingira, sufu inaoza udongoni na kondoo akinyolewa inaota tena, ila muulize muuzaji mtande (nyuzi za urefu zinazotangulia kutandazwa kabla ya kufuma) ni wa uzi gani na rangi katoa wapi, maana wengine wanachanganya poliesta. Omba kipande cha uzi ukichome, sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kubaki jivu la kusagika, poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Usilitundike juani, na likung'ute mara kwa mara, nondo wanapenda sufu kweli.