C70 ya volti 6 imekataa kutoa moto baada ya kuwekewa pointi mpya

Ndugu, umesema pikipiki ya Honda C70 ya marehemu babu yako ilikuwa inawaka kwa taabu, ukabadilisha pointi (vile vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili plagi itoe moto) na kondensa (inayozuia pointi zisiungue kwa cheche), na sasa plagi haitoi moto hata cheche moja. Fundi wako amesema koili, ile inayokuza umeme wa plagi, imekufa. Usinunue koili bado. Jana iliwaka, ingawa kwa kusuasua. Leo imeguswa, imezima. Anza pale palipoguswa.

Haya yalinikuta hapa Tororo, Uganda, na C70 ya mzee wangu. Nilishinda chini ya mwembe napiga kiki mpaka goti likauma, mzee yuko kwenye kiti chake ananitazama tu. Jioni ndipo akauliza, "Lakini ulizifuta?" Nifute nini, na pointi zimetoka kwenye boksi sasa hivi? Kumbe mara nyingi pointi mpya huja na utando mwembamba wa kuzuia kutu, na utando huo unatosha kuziba njia ya umeme. Nilichana kipande cha bahasha, nikakilowesha petroli, nikakibana katikati ya pointi na kukivuta taratibu. Kilitoka na mstari wa kahawia. Rudia, kisha malizia na kikavu, mpaka karatasi itoke kama ilivyoingia. Msasa weka mbali, chembe zake hunasa pale pale unapotaka pawe safi.

Ukishafuta na bado hakuna moto, angalia zile washa ndogo (pete bapa) za faiba, zisizopitisha umeme, kwenye skrubu inayoshika waya. Springi ya pointi, waya wa koili na waya wa kondensa vyote vinatakiwa kugusana vyenyewe kwa vyenyewe, bila kugusa bodi, yaani chuma cha pikipiki. Washa moja ikikaa upande usio wake, umeme unakwenda bodi moja kwa moja, na kwa umeme ni kama pointi hazijafunguka kamwe. Chomoa waya wa koili, weka tester (kipimo kinacholia umeme ukipata njia) kati ya springi na bodi: pointi zikiwa wazi isilie, zikifunga ilie. Usipochomoa waya huo italia wakati wote, kwa sababu koili yenyewe inashuka bodi, nawe utadhani umepata ubovu. Mimi kosa langu la pili lilikuwa hapo hapo, na sikulitangazia mzee.

Sasa taiming, yaani wakati moto unaporuka, ambako wengi wanapotea. Kitabu kinasema nafasi ya pointi ni milimita 0.3 hadi 0.4. Watu wanaingiza fila geji (kibati cha kupimia nafasi), wanakaza, wanafunga. Lakini kwenye injini hii hakuna bamba la kuzungusha ili kurekebisha taiming, kwa hiyo nafasi ndiyo taiming yenyewe. Ukipanua, pointi zinafunguka mapema na kiki inaweza kukurudisha mguu. Ukibana, zinachelewa, na pikipiki inakuwa nzito mlimani na injini inachemka. Moto unaruka pointi zinapoanza kufunguka, na hapo alama ya F kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka ubavuni mwa injini) inatakiwa iwe sawa na alama ya injini. Sio T, hiyo ni pistoni ikiwa juu kabisa.

Toa plagi ili flaiwili izunguke kirahisi. Anza na 0.35. Bana kipande cha karatasi ya sigara kwenye pointi kupitia dirisha la flaiwili, zungusha polepole kinyume cha saa huku unakivuta kidogo kidogo. Pale kinapoachia ndipo pointi zinafunguka. Kikiachia kabla ya F, punguza nafasi; kikiachia baada yake, ongeza. Legeza skrubu inayoshika pointi nusu tu, ukiilegeza yote pointi zinacheza na unaanza upya. Na ukishakaza pima tena, maana kule kukaza kwenyewe kunazisogeza.

Kama huwezi kuipata F bila kutoka nje ya 0.3 na 0.4, basi pointi zenyewe hazifai. Niliwahi kuuziwa seti ya bei poa, "orijino kabisa ssebo", na kile kipande cha faiba kinachosuguana na kem (nundu inayofungua pointi) kikalika ndani ya wiki chache. Faiba ikilika nafasi inajifunga, taiming inachelewa. Siku hizi napaka grisi kidogo sana kwenye kem, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Ikizidi inarukia pointi.

Kondensa ya zamani usitupe. Kama pointi ulizotoa hazikuwa na kishimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, huenda ilikuwa nzima kuliko hiyo mpya. Irudishe kwa majaribio, piga kiki, tazama moto wa plagi kivulini, kisha uniambie ni wa njano au wa bluu.