Uliza umri wa fundi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuzunguka Lubumbashi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, na fomu za kuchunguza ajira, karibuni. Fomu mtakayopewa ina mahali pa kuandika nafasi zilizo wazi, mishahara na aina ya diploma inayotakiwa. Haina mahali pa kuandika umri wa yule aliyeishika kazi leo. Uandikeni wenyewe pembeni, kwa penseli. Mimi nilichelewa kulijua hilo.

Miaka yangu ya kwanza niliingia karakana moja ya Kampemba, upande wa viwanda, inayotengeneza mota za umeme za pampu na za mashine za kusaga. Nikauliza: mafundi wangapi? Watano. Nafasi zilizo wazi? Hakuna. Kuna ujuzi mnaoukosa? Mwenye karakana akacheka, akaninyooshea kidole vijana waliokaa nje ya geti tangu alfajiri wakingoja kibarua. "Watu? Watu wamenichosha!" Nikaandika sifuri, nikaaga.

Ndani alikuwamo mzee mmoja, kila mtu akimwita Papa, na yeye ndiye aliyefanya bobinaji. Alifumua waya ulioungua ndani ya mota, akahesabu mizunguko yake, akapima unene wa waya, kisha akasuka upya ili mota ile ibebe mzigo uleule. Alifundishwa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Wale wanne waliobaki walifungua boliti, wakaosha vyuma, wakapaka vanishi. Niliporudi mwaka uliofuata, Papa alikuwa amekaa nyumbani kwake Katuba, macho yamepata mtoto wa jicho. Mota zilizoungua zilikuwa zikipakiwa kwenye gari, zinavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusukwa Zambia. Nikaitazama fomu yangu ya zamani. Hakuna jibu hata moja pale lililokuwa la uongo, ila swali lililohitajika sikuliuliza.

Mtakapoanza kusoma vitabu vya kazi hii mtakuta maneno mengi juu ya mabadiliko ya watu na uhaba wa ujuzi. Vingi vimeandikwa kwa nchi za wazee. Japani, ukiwapanga watu wote kwa umri, yule wa katikati anakaribia miaka 50. Huko hesabu ni nyepesi kuieleza: wanaostaafu ni wengi, wanaoingia kazini ni wachache, nafasi zinabaki tupu. Kwetu mtu wa katikati hajafika hata miaka 18. Uchunguzi wa afya wa 2013 na 2014 ulikuta wastani wa watoto zaidi ya sita kwa kila mama. Basi mgeni akisikia Lubumbashi kuna uhaba wa mafundi anashangaa. Katika mji ambao masomo yanapotoka mchana barabara inajaa sare nyeupe na buluu mpaka teksi zinasimama?

Ndiyo, katika mji huohuo. Mtaa ni wa vijana, karakana ni ya wazee, na hali hiyo ina historia. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba iliyoanzishwa 1906, mwanzoni ilichukua watu kwa mikataba mifupi. Kuelekea miaka ya 1930 ikabadilisha siasa yake, ikataka mfanyakazi aje na mke, apewe nyumba, posho, hospitali, na watoto wake wafundishwe ili nao waingie kazini. Serikali ilipoitaifisha 1967 na baadaye ikawa Gécamines, mfumo ule uliendelea: kijana anaingia, anawekwa chini ya mkubwa wa kazi, miaka inapita, anakuwa mkubwa yeye. Kisha ukaja mwaka 1990, mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Shaba ya Gécamines iliyokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ikashuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Mishahara ikakatika, vijana hawakuingizwa tena. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari (waulizeni wenyewe kuhusu hiyo hiari, lakini msiulize mkiwa na haraka). Wakati huohuo sheria ya madini ya 2002 ilikuwa inafungua mlango kwa kampuni binafsi, nazo zilipokuja zikataka mafundi waliokwisha iva.

Sasa pigeni hesabu. Aliyeingia kazini 1985 akiwa na miaka 22 alizaliwa 1963. Leo amepita 60. Nyuma yake kuna pengo la miaka kama kumi na tano ambamo karibu hakuna aliyekaa miguuni kwa fundi, kisha linakuja kundi kubwa la vijana wenye diploma ya serikali ya ufundi ambao mashine ya kuchonga chuma waliiona imechorwa ubaoni. Pengo hilo halionekani kwenye tangazo la kazi. Linaonekana ukiandika umri.

Lakini msivuke mpaka kwa furaha ya kugundua. Si kila ujuzi wa wazee unatafutwa. Wengi waliyeyusha shaba kwa moto. Viwanda vingi vya siku hizi vinaiyeyusha kwa asidi na kuinasa kwa umeme, na vinataka watu wa maabara na watu wa vipimo vya kompyuta. Mkiandika "fundi wa zamani wa Gécamines" kama vile ni kazi moja, mmeandika bure. Andikeni alichokifanya kwa mikono yake.

Nije kwenye maneno mawili yatakayowasumbua kuliko yote: "hakuna watu."

Mkubwa wa idara ya wafanyakazi atawaambia hakuna watu, na kichwani mwake anaweza kuwa na mambo manne tofauti. Pengine kweli ujuzi haupo. Pengine upo, ila si kwa mshahara anaotoa. Fundi huyo yuko Kolwezi, mji mwingine wa migodi, analipwa zaidi. Pengine anadai miaka mitano ya uzoefu kwa kazi ambayo hakuna aliyewahi kupewa nafasi ya kuianza. Na pengine anamaanisha hakuna kati ya anaowajua, maana kaka na shemeji wamekwisha kupangwa. Lipo na la tano, nalo ni la karatasi: sheria yetu ya kazi inaweka kikomo kwa idadi ya wageni ambao kampuni inaweza kuwaajiri, kwa hiyo anayeombea mgeni kibali ana faida ya kusema Mkongomani wa kazi hiyo amekosekana. Simaanishi kila mmoja anadanganya. Namaanisha ukisikia maneno hayo usifunge daftari. Uliza: wa mwisho mliyemtafuta alikuwa wa kazi gani hasa? Walikuja wangapi? Waliangukia wapi, kwenye karatasi, kwenye jaribio la mkono, au kwenye bei?

Hilo nililipia. Au niseme ukweli, walilipia wengine. Kampuni tatu kwa mpigo ziliniambia zinakosa masudere. Nikaandika: uhaba wa wachomeleaji. Nukta. Ripoti ikapanda, kituo kimoja cha mafunzo kikaisoma, kikafungua kelasi ya uchomeleaji, wazazi wakakopa. Vijana walipotoka wakakuta kila kona ya Kenya na Ruashi, mitaa ya hapa mjini, kuna mtu anachomelea milango na madirisha, na bei imeshuka. Kilichokosekana kilikuwa kingine: mtu wa kuchomelea bomba la shinikizo lililofungwa likiwa limeinama digrii 45, asiloweza kulizungusha, yeye mwenyewe akizunguka nalo, na kazi yake ikipigwa picha ya eksirei isionyeshe tundu. Jaribio hilo huitwa 6G. Mtu wa 6G na mtu wa madirisha wote wanaitwa sudere, wote wanavaa kofia moja, na mimi niliwaweka kwenye mstari mmoja. Mmoja wa wale vijana ni mtoto wa jirani yangu. Hanisemi vibaya, ananiamkia vizuri tu, na hilo ndilo linalouma.

Tangu siku hiyo siandiki jina la kazi peke yake. Naandika kazi, chombo, kiwango: anachomelea nini, kwa mashine gani, na nani anaikagua.

Matangazo sasa. Msihesabu nafasi kwa matangazo. Mgodi mmoja ukitaka madereva ishirini wa magari makubwa, kazi inapelekwa kwa kampuni za kukodisha wafanyakazi, kila moja inabandika tangazo lake, kisha vijana wanalipiga picha na kulisambaza WhatsApp wiki nzima. Mimi niliwahi kuzipata nafasi sitini, zilikuwa ishirini. Angalieni eneo la kazi, tarehe ya mwisho na masharti. Yakifanana, ni mnyama mmoja mwenye vivuli vitatu. Na tangazo linaloomba pesa za "kufungua dosie" si la kuhesabiwa kabisa. Liandikeni mahali pake kama utapeli, maana nalo ni habari: linaonyesha ni kazi gani watu wanaitamani mpaka wanaibiwa.

Kule ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, kuna majina ya wanaotafuta kazi, na ni vizuri kuyapitia, ila kumbukeni aliyekata tamaa haendi kujiandikisha, na aliyepata kazi kwa mjomba harudi kufuta jina.

Nyumbani kwa watu ni habari nyingine. Usimuulize mama wa Lubumbashi "Una kazi?" Kwetu kazi ni ile ya mkataba, yenye mshahara wa mwisho wa mwezi, neno hilo lina harufu ya Union Minière mpaka leo. Atakujibu "sina" huku ana gunia la unga mlangoni analouza kwa vikombe tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kipimo cha kimataifa ni kingine: hata saa moja ya kufanya kazi kwa malipo au faida ndani ya siku saba inatosha kumhesabu kuwa ana ajira. Ndiyo maana idadi ya "wasio na ajira" kwenye ripoti zetu inakuwa ndogo mpaka watu wanacheka. Nani hapa ana nguvu ya kukaa bure? Ulizeni hivi: "Mama, wiki iliyopita mlikula kwa pesa ya nani, na yeye aliipata kwa kufanya nini?" Tangu kanuni za wanatakwimu wa kazi zilizopitishwa Geneva 2013, anayelima mahindi ya kupika bukari, yaani ugali, nyumbani tu anawekwa kando, ni kazi lakini haihesabiwi ajira. Anayeuza sehemu kubwa ya mavuno anahesabiwa. Kwa hiyo ulizeni mahindi yalikwenda wapi. Taasisi ya takwimu, INS, ilipofanya uchunguzi wake wa 1-2-3 mwaka 2005 na 2012, ilianzia nyumbani kwa sababu hiyo: uulize kwanza watu na kazi zao, ufuate biashara zao ndogo, umalizie na matumizi. Ukianzia kwenye daftari za kampuni, zaidi ya nusu ya mji umeukosa.

Na nyumba zenyewe mtazipataje? Sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya 1984. Nyinyi hamkuwa mmezaliwa. Upande wa Annexe kuna mitaa mizima iliyokuwa shamba siku hiyo. Chukueni daftari la shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, lakini tembeeni naye, muhesabu milango kwa macho. Mtakuta familia zilizoshuka kwenye treni kutoka Kasai mwezi uliopita, hazimo kwenye daftari lolote, na baba wa nyumba ni mwashi aliyejenga kwa miaka ishirini, asiye na karatasi. Msimuandike "hana ujuzi" kwa sababu hana cheti. Mwombeni awaonyeshe ukuta aliojenga.

Juu ya umri wenyewe, jinsi ya kuuliza. Mzee hapendi kuulizwa umri na mtoto mwenye kalamu, atadhani unampeleka kustaafu, na mwenye karakana atadhani wewe ni wa inspeksheni ya kazi. Mimi namwamkia, nakaa kidogo, kisha nauliza: "Papa, wakati wa Kamoto kuporomoka wewe ulikuwa wapi?" Akisema alikuwa kwenye zamu, unajua. Akisema alikuwa kelasi ya sita, unajua. Halafu muulize nani anashika chombo siku yeye akiugua. Ngoja jibu. Akimuita kijana kwa jina na kumwambia asogee, andika jina la kazi ya kijana huyo na muda aliokaa naye. Akitazama mikono yake tu, weka alama ya msalaba pembeni ya mstari huo na mrudi hapo kila baada ya miezi sita.

Kesho mnaanza Kampemba. Fikeni kabla ya saa moja, kabla basi za wafanyakazi hazijaondoka, na mvae viatu vilivyofungwa. Geti nyingi hazimruhusu mtu wa ndara. Karakana ya bobinaji bado ipo, ya tatu kutoka kwenye reli. Siku hizi wana kijana mmoja anayekwenda Katuba Jumamosi kumsomea Papa vipimo kwa sauti, na Papa anamwambia idadi ya mizunguko. Muandikeni huyo kijana. Mwaka jana alikuwa na miaka 24.