Babu wa Keya: anza na namba ya kikosi

Babu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alirudi kutoka vitani na vitu viwili vilivyobaki hadi leo: cheti cha kuachishwa jeshi na medali ya nyota ya shaba yenye utepe mwekundu katikati, buluu na rangi ya machungwa pembeni. Shangazi alivitunza kwenye sanduku la bati, chini ya khanga zake. Siku aliponifungulia, niliigeuza nyota haraka nikitafuta jina. Nyuma patupu. Nyota za Uingereza za vita vya 1939–1945 zilitolewa bila majina, hata kwa Waingereza wenyewe, kwa hiyo usihangaike nazo sana. Shika cheti.

Cha babu kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka, lakini alama ya kidole gumba bado inaonekana. Jina lake karani aliliandika alivyolisikia: pa R ameweka L, na jina la baba yake hakuliandika kabisa. Mwaka mzima nililitafuta jina hilo nisiambulie kitu. Kilichonifungulia njia ni maandishi madogo pembeni: 36 K.A.R., kikosi cha keya wa Tanganyika kilichokwenda Burma (leo Myanmar) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki.

Basi tafuta kikosi kwanza. Vikosi viliandika shajara za vita siku kwa siku. Za upande wa Burma zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, fungu la WO 172. Kutafuta namba ya jalada kwenye intaneti ni bure, kulisoma palepale ni bure, na unaruhusiwa kupiga picha kwa simu yako. Mimi nilimtuma binamu yangu anayeishi huko. Usitegemee kumkuta babu kwa jina. Maofisa Wazungu wametajwa; askari wetu mara nyingi ni idadi tu, wangapi wamekufa, wangapi wamejeruhiwa. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini tarehe zipo, na mahali walipopita papo.

Kurasa ukishazipata, zirudishe kwa wazee. Nilikuwa nimemuuliza shangazi mara nyingi, "Babu alisema nini kuhusu vita?" akanijibu hakusema kitu. Safari hii nilimsomea: bonde la Kabaw, mvua za 1944, matope, malaria, kisha Kalewa mwezi Desemba na daraja la kuelea juu ya mto Chindwin. Akanikatiza.

"Huo mto baba alikuwa akiutaja. Alisema daraja lilikuwa linacheza chini ya miguu, na mwenzake alikuwa ameshafariki kabla hawajafika hapo."

Akalitaja jina la huyo mwenzake. Kwetu hakuna aliyewahi kulisikia. Sasa namtafuta yeye kwenye orodha ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na majina ya askari wa Jumuiya ya Madola waliokufa vitani, nikianza na kikosi kilekile.